Mzizi Niliomficha Mtafiti

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo lenyewe sikulimaliza. Lakini magoti yaliyovimba nimeyatuliza kijiji chetu kizima cha Ndama, na wagonjwa wengine wametoka hadi Kibingo kunifuata. Nyumba ya bati, ng'ombe na shamba la migomba nimevipata kwa mikono yangu. Dawa tu ndiyo niliyorithi kwa mama.

Basi akaja binti mmoja, mtafiti wa chuo. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akanieleza kazi yake bila maringo. Alisema ndani ya damu zimo chembe ambazo ni askari wa mwili. Zikichokozwa zinakasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoleta uvimbe. Yeye anazitunza maabarani kwenye visahani, anazichokoza makusudi, kisha anaziwekea maji ya dawa aone kama zitatulia.

Nikampa omubirizi, yale majani machungu ambayo kila mtu huku anayo nyuma ya nyumba. Mzizi ninaouchanganya nayo sikumpa. Mama alinifundisha hivyo: mgeni mwonyeshe mti mmoja, wa pili ubaki nao. Waganga wa huku tunafanya hivyo wote, na hakuna anayeuita uongo.

Miezi ikapita, akarudi na karatasi. Akasema kwa adabu kwamba chembe hazikutulia. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Nilichukia.

"Askari wako wa kwenye kisahani hawana magoti," nikamwambia. "Leta mtu anayechechemea."

"Babu, mimi nimepima ulichonipa."

Mbaya zaidi, habari ikatembea. Jirani yangu, mama mtu mzima niliyemtibu miaka yote, nilimkuta anameza vidonge alivyoletewa kutoka Murongo. Nikamuuliza kulikoni.

"Si mashine imeikataa dawa yako?" akasema, wala hakuniangalia.

Nikausaga ule mzizi, nikaufunga kwenye karatasi, nikapanda bodaboda hadi mjini alikofikia yule binti. Akaunusa, akanirudishia. Unga hana la kufanya nao. Anataka mmea mzima, na jani na ua, ajue ni mti gani na aandike jina lake. Nikamwambia jina halitajwi ovyo. Akasema basi hawezi kupima. Nilirudi na kifurushi changu mfukoni, nimemkasirikia yeye, na mimi mwenyewe zaidi. Dawa ya mama ilishaandikwa kuwa haifai, na aliyeiangusha ni mimi.

Siku aliyokuwa anaondoka niliamka na jembe. Nikauchimba mmea na udongo wake na maua yake, nikaupakia kwenye ndoo, nikampelekea. Jina nikamtajia. Aliniomba nirudie polepole ili aliandike vizuri, nikarudia.

Majibu mpaka leo sijapata. Nikipiga simu ananiambia chembe haziharakishwi, babu. Na yule mama jirani bado anameza vidonge vyake, mlango wazi, ili nikipita nimwone.