Mkorosho Chotara wa Makote

Yule mama wa Makote, mwenye mkorosho wa bibo lisilokwangua koo, amefariki. Habari nimeipata juzi sokoni Newala kwa muuza vitunguu ambaye ni jirani yake, na tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, naanza sentensi naifuta. Msomaji unayeijua korosho ya kwenye pakiti tu, bibo ni tunda lenyewe, lile ambalo korosho huning'inia chini yake. Mengi hukaba koo mpaka ukohoe. La mama huyu ukiliuma, maji yake yanakutiririka hadi kiwikoni, na huku uwandani tunakohangaikia ndoo ya maji kutwa nzima, hilo si jambo dogo. Mti wenyewe haukupandwa na mtu. Uliota katikati ya mkorosho mkongwe wa baba yake na ule mfupi ulioletwa na serikali, ukachukua sura ya yote miwili.

Majirani wakaomba mbegu, akawapa bila hiyana. Mikorosho yao ilipoanza kuzaa, lo, mabibo yakakwangua vilevile! Wakaanza kumwita mchoyo, na mmoja wao alimvamia nikiwepo, hata shikamoo hakutoa: "Mchoyo wewe! Mbegu umezipitisha kwenye maji moto kuua utamu." Mama akamtazama. "Utamu unachemshwaje, mwanangu? Nifundishe na mimi." Baadaye bwana shamba akaeleza kwamba nyuki huchanganya maua, kwa hiyo mbegu haimfuati mama yake, dawa ni kubebesha, yaani kukata kichipukizi cha mti ule na kukifunga kwenye mche mwingine. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe wachawi ni nyuki! Waambieni waje wakate." Hawakuja. Utamrudia vipi mtu uliyemtukana mbele za watu? Na miaka yenyewe ndiyo hii ya soko huria, wanunuzi binafsi wanapandisha malori wakiulizia ukubwa wa korosho, bibo halina mwenyewe. Hata mwanawe akawa anasema mti ule ung'olewe, korosho zake ndogo.

Sasa mama hayupo, na mwanawe ametangaza kwamba matanga yakianuliwa tu, ni shoka. Muuza vitunguu anasema wanawake wameinuka mkekani na visu, wakakata vichipukizi na kuvifunga katika kanga mbichi, wale wale waliomwita mchoyo, mmoja akilia huku anakata. Vitashika? Sijui, na kutojua huko kunanikera. Nimewafurahia, nimewakasirikia pia. Ewe msomaji, kama kuna mtu ana kitu usichotaka kipotee, na kati yenu kuna maneno, nenda leo, piga hodi, anza na samahani. Yule mama angewakatia kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwatania.