Kisidi cha Pili

Mpiga video wa harusi ya dada yangu alikuwa na maneno mengi kuliko picha. Siku ya harusi alikuja Soweto West, mtaani kwetu hapa Nairobi, amevaa koti lenye mifuko hata mgongoni, akapiga shughuli nzima kuanzia kanisani mpaka keki. Wiki kadhaa baadaye akatuita Makina, kwenye chumba alichokuwa amepanga karibu na msikiti, atukabidhi kazi. Tulitarajia kanda. Miaka hiyo ya tisini ikielekea kuisha, kila aliyeoa kwa video alikuwa na kanda yake kabatini, imelala juu ya vikombe vya wageni. Yeye akatutolea visahani viwili vya plastiki vinavyong'aa.

"Kanda imekufa, mama," akamwambia mama yangu kwa sauti ya rambirambi. "Kanda inaliwa na deki, inaota ukungu, panya anaitafuna. Hii inaitwa VCD. Hii ni ya milele. Wajukuu wa wajukuu wako wataona hii kitu."

"Na mbona ziko mbili?"

"Moja ni ndogo, harusi yote haiingii. Ya kwanza ni kanisa, ya pili ni sherehe. Chunga tu usiguze huu upande unang'aa. Ukiguza hapo, umeharibu."

Tulipofika Sarang'ombe, tukiruka mitaro kurudi nyumbani, mama alikuwa ameshavipa vitu vile jina. Vikiwa viwili ni visidi. Kikiwa kimoja, bila shaka ni kisidi. Mama hakufundishwa ngeli na mwalimu yeyote, na kwa kawaida ngeli zake zilikuwa za Nairobi, kila kitu ni "hii". Lakini siku hiyo sarufi ilimshukia, na wapangaji wote wa ploti yetu wakamfuata.

Tatizo dogo ni kwamba hatukuwa na mashini ya kuvichezesha. Televisheni yetu ilikuwa ya kutumia betri ya gari, na hata mtangazaji wa habari ilimwonyesha kwa shingo upande. Basi wageni wakija, mama alivitoa visidi, akavipitisha mkono kwa mkono. Wageni wakajiangalia nyuso zao mle, wakasema harusi ilikuwa safi sana.

Aliyekuwa na haja ya kweli na visidi hivyo ni shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa akiishi Kawangware. Yeye hakuja harusini, na sababu ilikuwa sufuria.

Huku kwetu sufuria kubwa haina mwenyewe mmoja. Kukiwa na matanga au harusi, inatoka inaenda, ndiyo maana kila mwanamke huchukua msumari akaichora alama chini, ijulikane ni ya nani. Alama ya mama yangu ilikuwa msalaba wenye mguu uliopinda. Shangazi aliazima ile sufuria kubwa, akapikia watu wa matanga huko Kawangware, na sufuria ikaamua kuhamia. Mama akasema maneno. Maneno hayo yalifika Kawangware kabla ya ugali wa jioni, na shangazi akaapa hatakanyaga kwetu.

Juu ya hayo, shangazi hakuwa akisemezana na mama yake mzazi, nyanya yetu. Alipomkimbia mume miaka mingi nyuma, nyanya alimrudisha kwa nguvu kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaliwa. Shangazi akakimbia tena, safari hii akaja Nairobi, na hakurudi nyumbani.

Nyanya alikuja kwenye harusi kwa basi kutoka magharibi, mara yake ya kwanza na ya mwisho kuuona mji. Aliulaumu wote. Maji ya kununua, kuku wasio na ladha, watu wanaoamkiana "sasa" kana kwamba wanaulizana saa. Alipopewa nafasi ya kusema, alimwambia bibi harusi maneno mawili, kisha akamwacha. "Binti yangu wa Kawangware hayuko hapa," akasema kwa lugha ya kwetu. "Mwambieni mlango haujafungwa. Aje hata mikono mitupu. Ni mimi niliyekosea kwa kumrudisha kwa yule mtu." Halafu akamgeukia mama yangu. "Na wewe, mke wa mwanangu. Sufuria haijawahi kumzaa mtu. Umemnyima binti yangu harusi kwa sababu ya kitu cha kupikia. Wewe ni mchoyo." Watu walicheka mpaka mwenye kipaza sauti akakiangusha. Mama alitazama viatu vyake.

Miezi michache baadaye nyanya akafa. Shangazi alienda kumzika bila kupatana naye.

Tulimpelekea shangazi ujumbe wa nyanya, tena zaidi ya mara moja. Baba alimwambia, dada alimwambia, nami nilimwambia. Lakini sote tulikuwa tunakula kwa mama, kwa hivyo kila mmoja alipofika kwenye lile neno la mchoyo aliruka, akatua upande wa pili salama. Ujumbe ukabaki mtamu kama chai ya wageni, na shangazi akaukataa.

"Huyo sio mama yangu," alisema. "Mama yangu hajawahi kusema maneno mazuri bila kumtusi mtu. Mmenitungia ndio ninyamaze. Nataka nisikie na masikio yangu."

Hapo ndipo landilodi wake aliponunua mashini ya VCD. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa pale Kawangware tangu ikiwa mashamba, na vyumba vya mabati vilizunguka nyumba yake ya mawe pande zote. Shangazi alikaa katika kimoja. Mzee alitangaza kwamba Jumapili, baada ya ibada, atawaonyesha wapangaji harusi yetu.

Mama hakuwa na njia ya kukataa. Alijua vizuri kilichomo katika kisidi cha pili. Lakini asubuhi ya Jumapili hiyo, naapa, nilivyomwona mimi, wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu.

"Kitu ikienda kwa mulamwa wangu hairudi," alisema, na mulamwa ndiye huyo wifi yake. Akatandika leso mezani. Akakilaza kisidi kifudifudi, upande unaong'aa ukiwa chini kwenye kitambaa, akihema polepole kama anayemlaza mtoto. Kisha akachukua msumari na kuchora mgongoni, kwa nguvu, msalaba wenye mguu uliopinda. Akachora na cha pili.

Baba alisema amepata kazi ya mjengo siku hiyo. Jumapili. Tukaenda mimi na mama.

Landilodi alikuwa amefunga mapazia. Mashini ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na rimoti ilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni. "Hapa ndani kuna leza," akatueleza, akisimama mbele ya televisheni kama aliye mimbarini. "Ndiyo ile ya kuangusha ndege za vita. Hapana mtu akae karibu." Shangazi alikuwa amevaa nguo yake ya Krismasi. Hakumsalimia mama, aliusalimia mkoba wake wenye visidi.

Kisidi cha kwanza kilienda vizuri hadi mahubiri. Mchungaji alikatikakatika vipande vya mraba, akatoweka, na mara tukawa kwenye wimbo wa mwisho. Landilodi alisema stima iko chini, umeme hauna nguvu. Hakuna aliyelalamikia kukosa mahubiri.

Kisidi cha pili kikaingia. Watu wakala, watu wakacheza, halafu nyanya akasimama na kitambaa chake cha kichwa cha kijani. Shangazi alitoka kwenye kiti akakaa sakafuni, karibu kabisa, leza au si leza. Nyanya akakohoa. Akatazama kulia na kushoto, akingoja watu wanyamaze, vile alivyokuwa akifanya.

"Binti yangu wa Kawangware..." akasema.

Mdomo wake ukabaki mahali pamoja na kitambaa kikaenda kwingine. Uso ukawa vigae. Sauti ikasema a-a-a-a, kisha kimya, kisha dada yangu akatokea anakata keki.

"Rudisha," shangazi akasema.

Landilodi akarudisha. Binti yangu wa Kawangware, vigae, keki. Akakitoa kisidi akakipangusa kwa shati. Akakipulizia pumzi. Akaagiza dawa ya meno, akakisugua, akakiosha, akakikausha. Vigae, keki. Mwishowe akatabasamu kama mtu aliyekumbuka.

"Kumbe tuko upande wa A! Tugeuze."

Akakigeuza kama kanda ya nyimbo. Mashini ikafikiri kwa muda mrefu, ikasema haioni kitu chochote ndani.

Miaka mingi baadaye nilielewa. Picha hazikuwa upande ule unaong'aa hata kidogo. Upande ule ni plastiki nene tu, na leza inapita humo kama mtu anavyochungulia dirishani. Picha zenyewe ziko mgongoni, chini tu ya ile rangi, zimefunikwa na kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu. Tulilinda dirisha kwa leso, tukakwaruza kwa msumari picha zilizokuwa ndani.

Lakini siku hiyo landilodi alikwenda dirishani, akafungua pazia na kukiinua kisidi kwenye jua, akitafuta uchafu. Mwanga ukapenya. Sote tuliuona: msalaba mdogo, na mguu wake umepinda.

Shangazi hakuhitaji kuelezwa alama ile ni ya nani. Alitoka, akarudi na sufuria kubwa, akaipindua katikati ya chumba cha mawe cha landilodi. Chini, kwenye masizi, msalaba ulikuwa pale pale.

"Hii uliichora na bado inapika," alimwambia mama. "Mama yangu ulimchora, amenyamaza."

Niliona aibu, na niliogopa pia, kwa sababu kila mtu mle ndani sasa aliamini mama amefanya makusudi. Nilitaka kusema hapana, nilimwona, alikuwa analinda mali yake tu. Nikaona hata hilo halimsaidii.

"Mulamwa," mama akasema. "Nilikuwa nimekaa karibu na yeye. Wacha nikwambie."

"Nimeshaambiwa. Mlango uko wazi, nije mikono mitupu, yeye ndiye alikosa. Hiyo wimbo naijua."

"Haujaisha hapo." Mama alishika kiti. Akaanza kwa lugha ya kwetu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwiga mama mkwe wake, hata kile kikohozi. Akamwita binti wa Kawangware. Akafungua mlango. Akakiri kosa la kumrudisha kwa yule mtu. Kisha, pale sisi wote tuliporuka na kisidi nacho kikaruka, yeye akapita kwa miguu. Akasema sufuria haijawahi kumzaa mtu. Akasema, umemnyima binti yangu harusi kwa sababu ya kitu cha kupikia.

"Wewe ni mchoyo," mama akamaliza. "Mbele ya wageni wote. Hivyo ndivyo alisema."

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni kicheko.

"Huyo sasa ni mama yangu," akasema. Akajifuta kwa upindo wa nguo ya Krismasi, akamtazama mama. "Rudisha."

"Nirudishe wapi?"

"Hapo pa mchoyo."

Na mama akarudisha.