Koti la Mama Awuor

Nakumbuka asubuhi moja pale sokoni Kibuye nilipomfanya mwanamke mjane, ilhali mumewe alikuwa hai, amekaa juu ya trekta ya miwa huko Muhoroni, hana habari. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimwua yule mwanamume kwa kalamu ya wino wa buluu, tena huku nikijiona hodari kuliko wote.

Umeniletea barua yako, mwanangu, ile ya kukubaliwa kwenye kambi ya uandishi wa habari gazetini, na nimeona umeshapiga shati pasi ingawa kambi inaanza Jumatatu. Vizuri, furahi. Mimi nilifurahi hivyo hivyo. Lakini kaa kidogo, weka hiyo simu chini, haitakimbia. Watu wananijua kama mwandishi wa miaka mingi, wengine hunisalimu njiani kwa heshima mpaka naona aibu, na hawajui nilianzaje. Nataka wewe ujue kabla hujaingia mlango ule.

Kambi yetu ilikuwa ya wiki mbili, wakati wa likizo. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili katika chumba cha juu cha gazeti moja mjini Kisumu, tukigombania taipureta tatu. Mimi nilitoka Muhoroni, ambako baba yangu alikuwa karani kwenye mizani ya kupimia miwa. Shuleni insha zangu zilisomwa mbele ya darasa, na hilo lilikuwa limeniharibu kichwa kabisa. Niliingia mle nikiamini nimekuja kuwafundisha.

Aliyetusimamia alikuwa mhariri mmoja, Mzee Salim, mzaliwa wa mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka hadi sisi wengine tukaogopa kufungua mdomo. Alikuwa na desturi moja. Ukimpelekea habari yako, unampelekea na daftari lako la maelezo, mnakaa naye, anaweka kidole kwenye kila sentensi na kuuliza, “Nani amekwambia?” Sentensi kwa sentensi. Ukiandika mvua ilinyesha, anauliza nani amekwambia. Tulimcheka nyuma ya mlango, tukamwita kwa swali lake hilo.

Siku ya tatu alitutuma sokoni. Kila mmoja alete habari ya mtu mmoja anayefanya kazi Kibuye, na iliyo bora itachapishwa Jumamosi, na picha juu. Mwanangu, niliitaka ile Jumamosi kuliko chakula. Nilishaiona mizani yote ya Muhoroni ikisimama, baba akiwaonyesha watu jina langu.

Nilimkuta Mama Awuor kwenye upande wa mitumba, anauza nguo za kiume. Jua lilikuwa kali, saa sita kasoro, na yeye amevaa koti kubwa la mwanamume, zito, la rangi ya kahawia, mikono imemfunika mpaka vidoleni. Jasho linamtiririka. Mara moja nikajua. Kwetu Wajaluo, hasa siku zile, mwanamke akifiwa na mumewe huvaa koti la marehemu wakati wa kuomboleza. Nilikuwa nimemwona shangazi yangu na la mume wake, miezi na miezi, analima nalo, anachota maji nalo. Basi nilipoona lile koti sikuhitaji kuambiwa kitu.

Na wala sikuuliza. Msichana wa kwetu hamwulizi mama wa watu habari za msiba wake. Nilijiona nina adabu sana. Nikamwuliza juu ya watoto, juu ya marobota, juu ya mvua inavyoharibu biashara.

“Watoto ni wawili,” akaniambia, huku akikunjua suruali kwa mteja. “Mimi tu ndio nawaangalia kule nyumbani Nyamasaria. Nikigonjeka hakuna mtu anakuja hapa kuuza.”

Nikaandika hayo. Mpiga picha wa gazeti akampiga picha na koti lake. Nilirudi ofisini karibu nikimbie.

Neno la kwanza kabisa katika habari yangu lilikuwa “Mjane.” Nilijua litamgusa msomaji. Mzee Salim alivaa miwani, akaweka kidole juu yake.

“Nani amekwambia?”

Hapa ndipo pa kunisikiliza, mwanangu. Mpaka hapo nilikuwa nimekosea tu, na kukosea kwa mwanafunzi kunasameheka. Ningesema, “Niliona koti,” angenirudisha Kibuye na mambo yangeishia hapo. Lakini nilimwona mwenzangu mmoja kwenye kiti cha nyuma akingoja zamu na habari yake, na Jumamosi ilikuwa moja.

“Yeye mwenyewe,” nikasema.

Akapekua daftari. “Mbona humu silioni?”

“Alisema nikiwa nimeshafunga daftari.”

Akalirudisha daftari mezani. Kisha akasogeza kidole kwenye sentensi ya pili. Aliniamini, kwa sababu katika kazi hii hakuna namna nyingine ya kuishi na wenzako. Hilo liliniuma baadaye kuliko yote.

Jumamosi habari ikatoka. Nilinunua nakala nne. Sitakudanganya, nililala usingizi mtamu siku hiyo.

Jumatatu asubuhi tulisikia viatu kwenye ngazi, na Mama Awuor akaingia. Hakuwa na koti. Alikuwa na gazeti letu limekunjwa mkononi, na macho yake yamevimba.

“Nani ameandika mimi ni mjane?” akauliza chumba kizima.

Mzee Salim akampa kiti. Hakukikalia. Akaeleza akiwa amesimama. Mama mkwe wake kule Nyakach alisomewa gazeti, akaonyeshwa picha, akaona koti. Simu za mkononi hazikuwepo siku zile, hakuwa na wa kumwuliza. Alipanda gari akilia njia nzima, akafika Nyamasaria analia, majirani nao wakaingia kulia. Mume mwenyewe alipata habari za kifo chake Muhoroni, kutoka kwa madereva wenzake, akafika Jumapili kukuta watu wamejaa uani. Walifurahi? Kidogo. Halafu kaka zake wakaanza kuuliza. Mke gani anavaa koti la kifo na mume wake anapumua? Mke gani anaambia gazeti kwamba mume amekufa, kama si kwamba anamtakia kifo?

“Wamesema nifunge vitu yangu nirudi kwetu,” akasema. “Wazee wanakaa leo saa tisa. Kama hakuna mtu ataniongelea, mimi nimeisha. Watoto wanabaki huko.”

Mzee Salim akanigeukia. Hakupandisha sauti.

“Nani alikwambia?”

Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nilijaribu kutafuta uongo mwingine, mwanangu, wallahi nilijaribu, na sikuupata.

“Hakuna,” nikasema. “Niliona koti.”

“Koti?” Mama Awuor akaniangalia kama mtu aliyesikia kichaa akiongea. “Hiyo koti nilikuwa nauza! Navaa ndio watu waone. Niliuza hiyo hiyo Jumatano!”

Ningemwuliza tu bei ya lile koti, swali la kila mtu Kibuye, ningejua yote.

Nilifikiri Mzee Salim atanifukuza. Akachukua kofia yake. “Gazeti litasahihisha kesho,” akaniambia. “Wazee wanakaa leo. Kesho ni kuchelewa. Tutakwenda pamoja, lakini mimi sitasema neno. Mimi sikuwepo Kibuye.” Kisha, tukiwa tunashuka ngazi, akaongeza kwa sauti ya chini, “Umenifanya niseme uongo kwa watu wote wanaonisoma, binti. Na hukuniuliza kama nataka.” Hakuwahi kulirudia tena, na mimi sijalisahau mpaka leo.

Uani kwa Mama Awuor viti vilikuwa vimepangwa. Kaka wawili wa mume, wazee watatu wa ukoo, mama mkwe kwenye mkeka, na mume mwenyewe pembeni, mtu mrefu, ameinamisha kichwa kwa aibu ya kuwa hai. Mlangoni palikuwa na robota limefungwa kwa shuka. Nilijua ni vitu vya nani.

Mzee Salim akasalimu, akakaa. Nikabaki nimesimama peke yangu mbele yao.

“Mama Awuor hakuniambia kwamba baba amekufa,” nikasema. “Hakuna aliyeniambia. Nilimwona amevaa koti, nikajiamulia mwenyewe. Koti lilikuwa la kuuza. Halafu mhariri aliponiuliza, nikamdanganya kwamba yeye ndiye amesema. Kosa ni langu, yeye hana kosa lolote.”

Wazee wakatazamana.

“Nyar kanye?” mama mkwe akauliza, yaani mimi ni binti wa wapi.

“Wa Muhoroni, Dani,” nikamjibu, kwa neno letu la kumwita bibi.

Mume akainua kichwa. “Muhoroni? Baba yako ni nani?”

Nikamtaja baba. Akanitazama sana. “Wa mizani? Huyo mimi namjua. Kila siku tunasalimiana.” Hapo ndipo machozi yalinitoka. Mtu niliyemzika alikuwa anamsalimu baba yangu kila siku.

Yule bibi hakuyajali machozi yangu. “Mimi nimelia mtoto yangu tangu Jumamosi,” akasema. “Nimelia kwa gari, nimelia kwa barabara. Hiyo kulia yangu utarudisha aje?”

“Sina la kurudisha, Dani.”

“Kuja hapa.” Akanishika mkono, akanivuta mpaka alipokaa mwanawe. “Shika mkono yake.”

Nikaushika. Ulikuwa mkono mgumu wa usukani.

“Iko baridi ama iko moto?”

“Uko moto, Dani.”

“Nani amekuambia?”

Sijui kama alimsikia Mzee Salim mahali, au ni wazee wote wanajua swali hilo. Nikajibu, “Nimeushika mwenyewe.”

“Haya. Toa kitabu yako uandike hiyo.”

Nikatoa daftari mbele yao wote na nikaandika: Mkono wake uko moto, nimeushika mwenyewe. Kaka mkubwa akasema basi, mambo yameisha, mtu alete chai. Lakini Mama Awuor hakuondoka aliposimama. Alikuwa anatazama lile robota. Mumewe akainuka, akalibeba begani, akaliingiza ndani, na nikamsikia akilifungua. Ndipo mwanamke yule akaenda jikoni.

Kesho yake sahihisho lilitoka kwenye ukurasa uleule, ukubwa uleule, na jina langu chini yake. Mzee Salim aliniachia nilimalize kwa sentensi ile ya daftarini. Nilimpelekea baba nakala moja. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, na siku iliyofuata akaenda nayo mizanini kumwonyesha yule dereva. Mzee Salim naye hakunifukuza. Siku zilizobaki aliniweka kiti cha mbele, na nilipomaliza shule ni yeye aliyeniita kazini. Mshahara wangu wa kwanza nilikwenda nao Kibuye kununua koti kwa Mama Awuor. Nilimwuliza bei. Hakunipunguzia hata kidogo.

Sasa unaniambia, mwanangu, kwamba siku hizi mambo ni rahisi, ukikosea unafuta. Futa basi. Lakini aliyekwisha kulia huwezi kumfutia kilio chake, na yule aliyefungiwa vitu mlangoni hajui umefuta.

Kwa hiyo sikia ninalokutuma nalo. Unapojiona una hakika kabisa, hapo ndipo uulize, hata kama swali ni dogo la kuaibisha, hata kama adabu inakuzuia. Uliza kwa upole, lakini uliza. Mkubwa wako wa kazi akikuuliza umejuaje na hujui, sema hujui. Sentensi moja itakatwa na utaendelea kuishi. Na ukimwumiza mtu kwa ulichoandika, usitume barua wala ujumbe wa simu. Nenda kwake kwa miguu yako, saa hiyo hiyo, kabla wazee hawajakaa. Utaogopa, lakini utarudi mzima. Mimi nilirudi, na kila kitu kizuri nilichokipata katika kazi hii kilianzia uani pale.

Nenda Jumatatu na shati lako la pasi. Wewe utakuwa mwandishi mzuri, nakuona, una macho makali kuliko niliyokuwa nayo mimi. Mungu wa wazee waliokutangulia akulinde na Jumamosi zako. Akupe ujasiri wa kusema “sijui” mbele ya wenzako. Na kila utakayemwandika, akikuona tena sokoni, akukaribishe ukae, na mkono atakaokupa uwe moto.