Mkaguzi wa Mizani Aliyefanywa Jasusi

Mjane wa Mizani alimtundika mumewe ukutani kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote. Angekuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, angalau angepata usingizi.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipita sokoni na madukani na mawe yake ya kupimia, na mizani iliyodanganya aliipiga lakiri papo hapo, mwenye duka apige kelele asipige. Hakula cha mtu. Hata chai ya dukani hakuigusa. Watu wakaacha kumwita jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mizani, wengine kwa heshima, wengine kwa uchungu, na jina hilo likamfuata hadi kaburini. Mali hakuacha. Aliacha nyumba ndogo ya matofali na jina.

Watu wa tamthilia walipobisha hodi, mjane alikuwa anaanika nguo. Tamthilia yenyewe aliijua: ile ya majasusi, inayorushwa kila wiki, ambayo ikianza mtaa mzima unanyamaza. Walitaka sebule yake.

"Tunatafuta nyumba ya kawaida, mama," alisema mwongozaji, mtu wa kofia asiyetulia.

"Kwenye mchezo itakuwa nyumba ya nani?"

"Ya familia moja tu."

Familia moja tu. Mjane akaridhika, akatia saini, akahamia kwa wifi yake, dada wa marehemu, nyumba ya jirani.

Vijana wa kazi waliondoa picha zote ukutani. Sura za watu wa kweli huleta maneno, walisema. Mizani akafungwa kwenye gazeti, akalazwa kabatini. Lakini asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hawajafika, mjane aliingia kufagia akaona ukuta ulivyobaki na baka jeupe pale picha ilipokuwa. Roho ikamuuma. Nchi nzima iione nyumba, isimwone aliyeijenga? Akamtoa kabatini, akamfuta vumbi, akamrudisha mahali pake na kumnyoosha kola kwa kidole, ingawa kola ilikuwa ndani ya kioo. Waliokuja baadaye kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeitundika. Kamera zikawaka.

Sehemu hiyo iliporushwa, sebule ya wifi ilijaa majirani. Shujaa wa mchezo, kijana wa suti anayekaa kwenye ghorofa la vioo, aliingia kwa teke katika nyumba ya mjane, naye mjane akahurumia bawaba za mlango. Mle ndani alikuwamo msaliti aliyekuwa akiuza siri za nchi. Wakamkamata, wakamlaza kifudifudi juu ya zulia la mjane. Kisha kamera ikapanda ukutani taratibu, hadi uso wa Mizani ukajaa runinga nzima.

"Kumbe usaliti ameurithi kwa baba yake," alisema shujaa.

Wifi akaweka kikombe chini.

"Wifi," akasema, "kaka yangu umempeleka wapi?"

Majirani wakaaga mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ana chungu jikoni.

Kesho yake alikwenda buchani, maana kula ni lazima. Mwenye bucha alikuwa na kisasi cha zamani: Mizani aliwahi kumkuta amebandika kipande cha chuma chini ya sahani ya mizani yake.

"Karibu, shemeji!" alimlaki kwa sauti ya kusikika barabarani. "Jana tumemwona bwana mkubwa. Kumbe alikuwa anapima na mengine!"

Wateja wakacheka.

"Mwache marehemu apumzike," mjane akasema.

"Mimi nimwache? Si yeye aliyenifuata mpaka chumbani kwangu kwenye runinga? Mke wangu kasema tufunge pazia, huyu mzee asije akatuandika!"

Mjane aliondoka bila nyama. Nyuma yake bado walikuwa wanacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa fundi viatu, ambaye Mizani alimsimamia harusi.

Kwa bahati, wale watu walikuwa hawajamaliza kupiga picha. Msaliti alikuwa na mke na mdogo wake, na visa vyao vilikuwa bado vinaendelea katika sebule ileile. Mjane akaingia moja kwa moja, akapanda kiti, akashika fremu.

"Mama, hapana!" Msichana mmoja alimkimbilia, simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kitu kinabaki kilipokuwa: kikombe, pazia, hata mkunjo wa kitambaa. "Picha imeshaonekana. Ikitoka leo, watazamaji watauliza imekwenda wapi."

"Waambie imekwenda kwa mwenyewe."

"Hatuwezi, mama. Kilichoonekana kimeonekana."

"Na ambacho si kweli?"

Msichana akamtazama kwa huruma, akamshika mkono ashuke kwenye kiti. Akampeleka kwa mwandishi wa tamthilia, ambaye alikuwa jikoni, amekalia kigoda cha mjane, anafuta miwani.

Mwandishi hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilimkera mjane, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa mtu mbaya.

"Mama, nakuomba radhi," akasema. "Picha hatukuipanga sisi. Mwongozaji aliiona ukutani akapenda sura. Akasema huyu mzee ana macho ya mtu anayejua mambo."

"Alikuwa anajua kilo."

"Ngoja nikwambie ukweli. Mwanzoni msaliti alikuwa mkubwa wa idara ya usalama. Ana gari, ana dereva. Lakini hadithi zetu lazima zisomwe na wakubwa wa idara yenyewe, ile ya kweli, kabla hatujapiga picha. Magari wanatuazima wao, majengo ni yao. Wakasema mkubwa hawezi kuwa msaliti, mtafutieni mahali pengine."

"Mkaona pengine ni kwangu."

"Si kwako. Mtaani tu."

"Baba, mimi mchezo wenu nautazama tangu mwanzo," mjane akasema, akivuta sufuria akae juu yake kwa kuwa kigoda kimekaliwa. "Niambie mtu mwema hata mmoja anayekaa mtaa kama huu."

Mwandishi akafikiri. "Yupo yule muuza magazeti wa sehemu ya kwanza."

"Aliyepigwa risasi."

"Ndiyo."

"Kabla hajafungua mdomo."

Mwandishi akavaa miwani yake. Mjane akaona mwanya.

"Mimi sitaki makubwa. Wafanyeni hao watu wapangaji, shujaa alidhani tu kwamba ni baba yao. Mtu aulize, yule mzee ukutani ni nani? Ajibiwe, ni mwenye nyumba, marehemu, alikuwa mkaguzi wa mizani. Basi. Mpangaji akiiba, mwenye nyumba ana kosa gani?"

Mwandishi akapiga goti lake kofi. "Mama, wewe ungefaa kukaa na sisi! Naandika sasa hivi."

Na akaandika, mbele ya macho yake. Mjane alikwenda kwa wifi akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

"Neno moja tu, wifi," akamwambia. "Neno moja litamtoa."

"Nikilisikia ndiyo nitaamini," wifi akajibu. Lakini siku ya mchezo alimpikia, akamwekea kiti cha mbele. Majirani walirudi pia. Mwenye bucha hakualikwa ila alikuja, akasimama mlangoni.

Shujaa alimhoji mke wa msaliti. Akanyoosha kidole ukutani.

"Huyo mzee ni nani?"

"Mwenye nyumba. Marehemu. Alikuwa mkaguzi wa mizani."

Mjane akapiga makofi. Wifi akambana goti, machozi yanamlenga.

Shujaa akatabasamu. "Mkaguzi wa mizani? Anaingia kila duka, kila ghala, na hakuna anayemuuliza. Jasusi angetaka kazi gani nyingine?"

Mlangoni mwenye bucha akapiga mluzi mrefu.

Mjane alimpigia mwandishi simu palepale.

"Mama, neno lako nililiandika," sauti ilikuwa ya chini. "La pili liliongezwa na wakubwa. Wamelipenda mno. Sasa wanataka mzee awe ndiye aliyeanzisha mtandao mzima."

Asubuhi mjane na wifi yake walisimama mlangoni bega kwa bega, picha imefungwa kwenye kitenge, kwapani kwa wifi. Mwongozaji alipofika walimwambia haingii mtu. Walijiandaa kwa makelele, kwa polisi, kwa ile karatasi ya saini. Wifi alikuwa amevaa viatu vya kufunga kabisa, ili akisukumwa asiteleze.

Mwongozaji akatazama saa. "Hakuna shida, mama zangu. Tulishapima sebule yote, tutaijenga kwetu. Tunaomba taa zetu tu."

Wakapisha. Wangefanya nini? Vijana wakatoa taa na nyaya, wakapakia kwenye lori. Hapo ndipo mjane alipoona, nyuma ya lori, ubao mkubwa uliofungwa kamba: Mizani amechapishwa upya, mkubwa kuliko mlango, na mtu fulani amemtia kovu shavuni.

Lori likaondoka polepole kwa sababu ya mashimo. Vijiweni watu waliinuka kumtazama akipita. "Jasusi huyoo!" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikalifuata lori kutoka duka hadi duka, yaleyale Mizani aliyoyakagua maisha yake yote.

Mjane aliteremka ngazi, akalifuata mpaka kandambili moja ikakatika.

"Rudi, wifi," dada wa marehemu akamwita, akimwonyesha kitenge. "Yule si yeye. Yeye ninaye hapa."

"Najua unaye!" mjane akajibu, amesimama mguu mmoja peku katikati ya njia. "Mimi na wewe tunajua. Hao je?"

Lori lilikuwa limefika kona, na Mizani, kovu lake shavuni, alikuwa bado anawatazama.