Waya kwenye Koo la Pili

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, baridi ile ya kwetu Likasi inayowafanya watu waende kiwandani Shituru wameficha mikono kwapani, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Jana imenipanda vibaya zaidi. Mdogo wako Ilunga aliniletea gari mnalotafutia riziki, analalamika kwamba halipandi mlima. Nikafungua filta ya hewa, nikachungulia kwenye kabureta, nikakuta kifuniko cha koo la pili kimefungwa kwa waya. Nilimuuliza nani ameshika kabureta hii. Akasema ni wewe, tena wiki iliyopita ulimwambia umeisafisha tu.

Sikumwambia nilichokiona. Nimekuita wewe kwanza, kwa hiyo weka simu chini unisikilize.

Kabureta ya gari lenu, kama ya lile nililoendesha ujanani, ina makoo mawili. La kwanza ndilo la kila siku, mjini na kwenye tambarare. La pili hufunguka dereva akikanyaga sana, anapopanda mlima na mzigo au anapolipita lori. Madereva wa ujana wangu walijua hilo vizuri. Mwenye gari alikupa esansi, petroli ya siku, na iliyobaki jioni ilikuwa yako. Ndiyo maana wajanja walilifunga koo la pili kwa waya, gari likawa linakunywa kidogo, nao wakauza iliyobaki. Waliona ni akili. Mimi niliona ni wizi hata kabla ya siku ile.

Gari tuliliendesha wawili, mimi na Kapend, tukipokezana. Asubuhi hiyo alinikabidhi ufunguo uani kwa mwenye gari. Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa, alikuwa pale na mabeseni yake ya samaki wa ziwa Tshangalele, nimpeleke sokoni Lubumbashi. Alikuwa mjane, na samaki hao ndio walioivisha chungu cha watoto wake. Kapend alimsaidia kupakia mabeseni, akamtania kidogo kuhusu harufu, akamfungia mlango. Nikavuta choki, kile kifuniko kinachobana hewa injini ikiwa baridi; injini ikawaka, ikapata moto, nikairudisha choki. Tukaondoka.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Tulipofika mlimani tukakuta lori la madini linajikokota. Niliona mbele peupe, nikatoka kulipita, nikakanyaga mpaka chini. Hakuna kilichoongezeka. Nguvu niliyoizoea haikuja, gari likabaki sambamba na magurudumu ya lori, na kule juu likachomoza lori jingine linateremka. Nilitaka kurudi nyuma, lakini gari dogo lilikuwa limekwisha kuiziba nafasi yangu nyuma ya lori. Nikaiacha lami, nikaingia mtaroni kushoto, upande ule ule niliotokea kulipita lori. Tulilala ubavu wa kushoto, upande aliokaa Yaya Ngoie, nyuma yangu.

Mimi nilitoka na michubuko. Mkono wake wa kushoto ulivunjika vibaya, na haukunyooka tena. Hakuinua beseni tangu siku hiyo. Watoto wake wakubwa waliacha shule, wakaenda kuchambua mawe migodini.

Gari lilipovutwa hadi mjini nililifungua mwenyewe, nikauona waya. Nilimtafuta Kapend mtaa mzima, nami sikuwa nikimtafuta kwa mazungumzo. Nilimkuta hospitalini, karibu na kitanda cha dada yangu, ameleta sukari na mafuta ya kupikia. Nikamtupia ule waya kifuani.

“Mi nilifunga kidogo tu, juu ya esansi,” akasema. “Weye ndiye unapenda kukimbia.”

Nilimshika shati. Yaya Ngoie akaniambia nimwachie. Hakupandisha sauti.

“Kapend, ulinisaidia kubeba mabeseni. Ulinifungia mulango. Na ulijua.”

Yule mwanamume akatoka, na sukari yake ikabaki pale mezani. Mchungaji wetu ameniombea miaka mingi niliachilie jambo hili. Namjibu aendelee kuomba.

Sasa unielewe kwa nini jana sikula. Wewe si mwizi, najua. Ulidhani unaokoa esansi ya nyumba yenu. Lakini hata hiyo esansi hukuitafuta inakopotelea! Choki ilikuwa imekwama nusu kwa uchafu, moshi mweusi unatoka, na choki ikibaki hivyo kwenye kabureta ile inalizuia pia koo la pili lisifunguke. Ungeisafisha, ungepata vyote viwili. Wewe ukakimbilia waya.

Basi shika hili. Gari la zamani likikataa mlima, zima injini, toa filta, tazama kwa macho yako. Injini ikiwa baridi choki ifunge. Ikiwa na moto ifunguke yote. Kisha mtu akanyage pedali mpaka chini huku wewe unatazama: kifuniko cha kwanza kifunguke, na cha pili kikifuate mwishoni. Kisipofuata, osha vyuma vyake, angalia springi, ondoa takataka. Usifunge kitu ambacho dereva anakitegemea. Na ukibadilisha chochote kwenye gari analoendesha mwenzio, mwambie kabla hajashika ufunguo, hata kama utaona haya, hata kama atakutukana. Wewe umemwacha mdogo wako aende barabara ya Lubumbashi wiki nzima na abiria, huku kila asubuhi unamtakia safari njema. Nawapenda nyote wawili, na ndiyo maana nataka kukupiga.

Mungu akupe mikono ya kutengeneza na moyo wa kusema. Akulinde wewe na kizazi chako, asikuweke kamwe kando ya kitanda kama kile. Choki nimekwisha kuisafisha. Waya nimeuacha ulipo, na koleo ni hizi hapa. Ilunga yuko nje, anangoja ufunguo. Nenda ukamwambie mwenyewe, nami nitasimama pale nisikie.