Mume wangu ameacha mstari mmoja wa fomu wazi

Admin, ukiposti haya, jina langu lisionekane. Ndugu za mume wangu wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na sita, nilisoma mpaka S4, yaani kidato cha nne, naishi Awindiri hapa Arua na mume wangu na watoto watatu. Tulifunga nikahi kwao Koboko miaka kumi na nne iliyopita. Cheti hatukuandikiwa. Shahidi mmoja amefariki, mwingine alihamia Sudan. Tarehe na majina yao nimebaki nayo kwenye daftari langu tu, maana kila siku huandika yaliyotokea.

Mdogo wa mume wangu anasoma sheria, anakaa kwetu. Yeye na wenzake walikuwa wanajiandaa kwa mdahalo juu ya muswada wa ndoa, kama kila ndoa lazima isajiliwe. Wakatengeneza fomu ya mfano. Jumanne mchana alituletea moja tuijaribu. Mume wangu alijaza vizuri: majina, kijiji, mwaka wa nikahi. Alipofika "Ndoa hii ni ya mke mmoja au zaidi?" akaweka kalamu chini.

"Shemeji, umeona?" kijana akacheka. "Mzee amegoma."

"Hiyo ni karatasi ya shule. Iko haraka gani?" mume wangu akasema.

Nikamwambia, "Andika lolote. Hata ukiandika zaidi, dini inakuruhusu. Mimi nataka kujua tu."

Akaomba chai.

Jumamosi nilikwenda kuwasikiliza kwenye mdahalo wao. Shemeji alitetea usajili, na jina hakutaja. Alisema, "Namjua bwana mmoja alijaza fomu yote, akafika mstari wa idadi ya wake, wino ukaisha." Ukumbi ukacheka. Majirani zangu wawili walikuwepo. Mimi nikainamisha kichwa, na hapo ndipo walipojua.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Koboko. Mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu, mambo ya nyumba umepelekea watu wa digrii?" Mume wangu hakupiga kelele. Alisema, "Huyu mtoto iko natafuta maksi kupitia mimi. Na wewe umemsaidia."

Ijumaa hii wabunge wanakuja mjini kusikiliza maoni ya wananchi juu ya muswada huo. Shemeji anataka nisimame mwenyewe na ile fomu mkononi. "Mimi nikisema ni mdahalo tu," ananiambia. "Wewe ukisema ni ushahidi." Mume wangu alimsikia. Akanijibu mimi: "Siku hiyo karatasi ikitoka hapa, utoke nayo."

Nikitoka, nitaonyesha nini kwamba nilikuwa mke? Daftari nililoandika mwenyewe? Nikikaa kimya, nimekubali kuishi bila kujua jibu lake.

Tangu Jumapili fomu nimeiacha mezani, kalamu juu yake. Leo ni siku ya nne. Kila asubuhi naangalia, halafu naandika kwenye daftari: bado.

Ndugu zangu, mlioolewa kwa nikahi bila cheti hasa, niambieni. Ijumaa niende, au niendelee kungoja kalamu?