Zamu Tatu kwa Reuben Wiebe

Orest Hnatiuk alipima ngano miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la nafaka la Kessock, Saskatchewan, huko Kanada, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Alichota punje kiganjani, akazinusa, akatafuna mbili tatu, kisha akataja daraja. Na akishalitaja halibadiliki, hata mkulima alie machozi. Ghala lilipobomolewa naye akastaafu, kipaji hicho kikakosa pa kwenda. Kikahamia kwa wachezaji wa hoki ya barafuni.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu ngano haina masikio.

Timu ya mji iliitwa Wavunaji. Ilikuwa ya vijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini, na kwa miaka tisa mfululizo walikuwa hawajavuna kitu. Kila asubuhi ya baridi, magari yakiwa yamechomekwa umeme nje ili injini zisigande, Orest na rafiki yake Mervin walikaa kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta wakiiendesha timu. Waliiendesha vizuri sana. Mezani pale Wavunaji hawakuwahi kufungwa hata mara moja.

Mwezi wa Januari, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji, meneja Glen Stadnyk alifanya biashara. Katika ligi ile, kila mwaka theluji ikishayeyuka, timu huchagua chipukizi kwa zamu, na zamu hizo ni mali: unaweza kumpa mwenzako yako, naye akakupa mchezaji. Stadnyk alitoa zamu mbili za raundi ya pili na moja ya raundi ya tatu. Alichopata ni Reuben Wiebe kutoka Manitoba, mchezaji wa mstari wa nne, yaani wale wanaoingia wenye timu wakitaka kupumua. Alikuwa na mabao manne katika mechi arobaini na moja. Na kwa kuwa tayari alikuwa na miaka ishirini, huo ulikuwa msimu wake wa mwisho. Ikifika Aprili, kwaheri.

"Zamu tatu," alisema Mervin, akikirudisha kikombe mezani polepole. "Labda wamekosea kuandika."

"Hawajakosea. Stadnyk kaenda mnadani kununua farasi, karudi na tandiko. Tena tandiko la kuazima."

Kesho yake jioni, akiwa kwa Mervin, Orest alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ya mji, kama alivyofanya mara mbili kwa wiki, maana aliamini wananchi wana haki ya kuelimishwa.

"Mimi sina ugomvi na huyo kijana," alimwambia mtangazaji kwa upole wa mtu aliyejiandaa tangu alfajiri. "Nimemwona akicheza mara mbili. Ana miguu ya meza. Ila kwa zamu tatu, ningetegemea wanipe mtu anayejua goli liko upande gani."

Akakata simu, akaaga, akaenda nyumbani roho imetulia kabisa. Mlangoni akakuta buti mbili kubwa kama mitumbwi.

Mkewe, Verna, alikuwa na desturi ya kupokea wachezaji waliotoka mbali. Hiyo ilikuwa baridi ya kumi na moja wanakaa kile chumba cha chini, wanakula, wanafuliwa, na wakiondoka wanaliliwa. Mchana alikuwa amemwambia mumewe kwamba anakwenda stendi kumpokea mgeni mpya. Orest alikuwa ameitikia "mm," kwa sababu alikuwa anatunga hotuba ya redioni.

Jikoni aliketi kijana mpana, mwenye kovu kidevuni, mbele ya sahani ya pirogi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi, zilizomwagiwa vitunguu na malai. Akasimama.

"Habari za jioni, Bwana Hnatiuk. Mimi ni Reuben."

"Karibu," alisema Orest, na sauti ikamtoka nusu.

"Asante. Nimekusikia kwenye gari, tukitoka stendi. Una sauti nzuri ya redio."

Orest alimtazama mkewe. Verna alikuwa anageuza pirogi kwenye kikaango kama mtu asiyejua redio ni kitu gani.

"Hukuweza kuizima?" alimuuliza.

"Nizime kwa nini? Mume wangu anaongea," alisema Verna. "Nilimwongezea sauti mtoto wa watu asikie vizuri. Alifikiri umesema miguu ya mbuzi, nikamsahihisha. Keti ule, inapoa."

Basi hivyo ndivyo Orest Hnatiuk, mkaguzi wa daraja za binadamu, alivyoanza kunywa chai ya asubuhi uso kwa uso na hasara ya timu yake. Na hasara yenyewe ilikuwa na adabu ya kuudhi. Iliosha vyombo bila kuambiwa. Iliamka mapema ikazoa theluji mlangoni kwao, kisha ikavuka kwa jirani mjane ikazoa na ya kwake. Orest alijaribu kumchukia kwa siku nne, akashindwa, akaamua kuichukia biashara peke yake.

"Hajambo mwanao?" Mervin alimchokoza mkahawani.

"Si mwanangu. Ni zamu tatu zinazolala chumba cha chini."

"Nasikia anazoa theluji."

"Anazoa vizuri. Stadnyk angesema tunanunua koleo, tungemwelewa."

Uwanjani Reuben alicheza dakika nane kila mechi, na dakika zenyewe zilikuwa za mateso. Mwenzake akitolewa kwa kosa, timu ikabaki pungufu, yeye ndiye aliyeingia kujilaza mbele ya mashuti. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, ambacho watu wenye akili hukikwepa, yeye alikipokea kwa mbavu, kwa mapaja, na mara moja kwa sikio. Bao hakufunga. Lakini Wavunaji, waliokuwa wa mwisho kwenye ligi kwa kujilinda wakiwa pungufu, kufikia Machi walikuwa wa tatu. Orest aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Akalifungia moyoni kama aibu ya ukoo.

Jumapili moja mchana walikuwa karakana wakinoa vyuma vya viatu vya barafu. Reuben akauliza, "Mzee, wewe ulicheza?"

"Nilicheza. Hawahawa Wavunaji. Mechi sita."

"Halafu wakakupeleka timu gani?"

"Hawakunipeleka kokote. Kocha alinipa tikiti ya basi."

Reuben alikigeuza kiatu mkononi. "Kwa hiyo bei yako ilikuwa tikiti ya basi."

"Ya kwenda tu," alisema Orest. "Na nilikuwa natoka mji wa jirani. Ningeweza kutembea."

Kijana alicheka mpaka akazima mashine. Orest hakuwahi kumsimulia mtu kisa hicho, hata Verna, aliyemwoa miaka miwili baadaye na kumwambia kwamba aliacha hoki kwa ajili ya goti.

"Mimi nimebadilishwa mara tatu," Reuben alisema alipopumua. "Mara ya kwanza kwa zamu ya raundi ya tisa. Mara ya pili walisema watanilipia siku za usoni, na sidhani kama walilipa. Sasa zamu tatu. Kwa mwendo huu, nikifika umri wako nitabadilishwa na timu nzima pamoja na uwanja."

"Na wewe unaonaje? Unastahili tatu?"

"Hapana," alisema Reuben, akijaribu makali kwa ukucha. "Hata moja nina wasiwasi nayo. Lakini Stadnyk alinitaja kwa jina. Kwingine kote nilikuwa wa kujazia. Sasa mtu akikutaja kwa jina, utamwambia amekosea?"

Orest akachukua kiatu kingine, akawasha mashine.

Mwishoni mwa Machi mtoano ulianza, dhidi ya timu ya Medora. Ni mfululizo wa mechi saba. Anayetangulia kushinda nne anasonga mbele. Wavunaji walikuwa wameshinda tatu, na katika mechi ya sita waliongoza mabao mawili kwa moja, zikiwa zimebaki dakika tatu. Hapo wachezaji wao wawili wakatolewa, mmoja baada ya mwingine, kwa makosa ambayo watu wa Kessock mpaka leo hawayatambui. Reuben akaingia. Mlinzi wa Medora akavuta gongo nyuma, akapiga, na kisahani kikamgonga Reuben kwenye kifundo cha mguu kwa mlio uliosikika hadi safu ya saba, alipoketi Orest. Kijana akaanguka, akainuka kwa mguu mmoja. Hakuweza kufika benchi, kwa hiyo akabaki pale pale mbele ya goli, akiegemea gongo kama mzee anayengoja pensheni. Shuti la pili likaja. Akalilalia.

Wavunaji wakashinda. Raundi ya kwanza kwa miaka tisa. Watu wazima walikumbatiana na majirani wasiosalimiana nao. Verna alikuwa ameshashuka ngazi, akielekea chumba cha matibabu, na Orest akamfuata akiwa amebeba koti la kijana ambalo hakumbuki alilitoa wapi.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Raundi ya pili Wavunaji walifungwa mechi nne bila kushinda hata moja, Reuben akitazama kutoka kwenye kochi la Hnatiuk, mguu juu ya mito miwili. Mwezi wa Mei Orest alimpeleka kwao mwenyewe kwa gari, saa saba barabarani, wakibishana njia nzima kuhusu mlinda mlango. Siku hizi Reuben ni fundi umeme huko Manitoba na anachechemea kidogo mvua ikikaribia.

Ingekuwa hadithi ya kanisani, ingeishia hapo. Lakini zile zamu tatu zilikuwa bado zinatembea duniani. Kwa mojawapo, timu iliyomtoa Reuben ilichagua mtoto mmoja mwembamba anayeitwa Desjarlais, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa na mabao arobaini na nane. Matatu kati ya hayo aliyafunga Kessock, mbele ya watu wa Kessock, katika kipindi kimoja.

Wakati wa mapumziko Orest alisimama kwenye foleni ya kahawa, na mji mzima ukaja kumpongeza. Walimpiga mabegani. Walimwambia alikuwa ameona mbali, kwamba wangemsikiliza yeye, huyu Desjarlais angekuwa wao. Mtu mmoja alimnunulia soseji. Alikuwa amesubiri maisha yake yote kuwa sahihi mbele ya umati, na umati ndio huo.

"Ulisema, mzee," alisema Mervin, bila mzaha kwa mara ya kwanza. "Siku ya kwanza kabisa ulisema. Zamu tatu zilikuwa nyingi mno."

"Nilikosea," alisema Orest.

"Ulikosea nini? Tazama ubao. Tatu bila."

"Nimeuona."

Walikuwa wanangoja aeleze. Alichukua kahawa mbili, yake na ya Verna, akaomba njia kwa kiwiko, akarudi safu ya saba kuangalia Wavunaji wakifungwa la nne.